Nesi Aliyeitikia Asichokielewa

Zamani mgonjwa akiingia hospitalini aliulizwa kwanza habari za nyumbani, ndipo akaulizwa anaumwa wapi. Siku hizi anasogezewa simu mdomoni kama dereva anayepimwa ulevi, simu ndiyo inayomwuliza, simu ndiyo inayomjibu, na nesi anasimama kando kama shahidi wa ndoa asiyewajua maharusi.

Bendeji alikuwa nesi wa zamani. Jina hilo alipewa na wagonjwa wenyewe, kwa kuwa alikuwa mrefu na mwembamba, na kila alipoinuka kitini katika sare yake nyeupe ungedhani kuna mtu anakunjua bendeji. Hakukasirika. Alikuwa akisema afadhali aitwe bendeji kuliko kuitwa sindano.

Kazi yake ilikuwa katika chumba cha kusafisha damu. Ni chumba kirefu, viti vya kulalia vimepangwa upande mmoja chini ya madirisha, na kila kiti kina mashine yake. Mtu ambaye figo zake zimekufa hupimwa uzito, akaketi, akadungwa sindano mbili mkononi. Damu hutoka kwa mrija mmoja, ikaingia mashineni ikasafishwa, ikarudi kwa mrija wa pili. Kazi hiyo hula karibu nusu ya siku, na baada ya siku chache mgonjwa huyo anarudi tena, na tena, mpaka apate figo ya mtu au aage dunia. Kwa hiyo watu wa chumba kile walijuana kuliko majirani. Zamani walikuwa wakipiga soga humo hadi daktari anapita akiomba kelele zipungue. Kisha madirisha yakafungwa kwa ajili ya kiyoyozi, kila kiti kikafungiwa kioo cha kutazamia filamu, na kila mgonjwa akaziba masikio yake kwa spika ndogo. Chumba kikawa kimya. Wakubwa wakasema huduma imeboreshwa.

Bendeji hakuacha desturi yake. Kabla ya kumdunga mtu alimsalimia, akamwuliza habari za wajukuu, za paa linalovuja, za shemeji mlevi. Mgonjwa alipokuwa anaeleza ya shemeji, sindano ilikuwa imeshapita. "Huwezi kumtoboa mtu usiyemsalimia," alikuwa akiwaambia wanafunzi wa uuguzi. "Huo ni ujambazi."

Ndipo walipokuja mzee na mkewe waliojua Kihispania peke yake.

Binti yao alikuwa mhandisi wa madaraja. Kampuni ilimhamishia kazi huku, naye akawachukua wazazi wake, kwa kuwa baba alikuwa tayari anaishi kwa mashine na mama asingemudu peke yake. Mzee huyo alikuwa mwoka mikate maisha yake yote. Mikono yake ilikuwa na makovu ya tanuri kuanzia viganja hadi viwikoni, makovu membamba yaliyopishana, na mishipa ya damu imesimama kama kamba. Mkewe, ambaye chumba kizima kilimwita Bibi siku ile ile aliyoingia, alikuwa mfupi, mnene, mcheshi, na alicheka hata na mizani.

Msimamizi wa chumba alikuwa mwanamke kijana ambaye wenzake walimwita Sista Chapchap. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wagonjwa wengi, wauguzi wachache, na bosi aliyependa takwimu. Alileta simu ya kutafsiri, akaitundika kwenye kishikio mbele ya mwoka mikate, akaongea. Simu ikafikiri kidogo, kisha ikatoa sauti ya kike, kali, yenye kusikika toka mlangoni hadi chooni, ikamwuliza mzee kwa Kihispania kitu fulani. Mzee akaitazama. Akageuza uso dirishani.

Ikawa hivyo kila alipokuja. Simu inauliza, mzee anageuka. Bibi alijaribu kumjibia, mzee akamkoromea, Bibi akanyamaza. Walimtibu kwa kusoma mizani na namba za presha, kama mtu anavyotengeneza redio ya jirani asiyemjua.

Bendeji alivumilia mwezi wa kwanza. Alimsalimia mzee kwa lugha ya hapa, akapata kichwa kilichoinamishwa kidogo, basi. Kila alipomdunga alijiona jambazi.

"Sista," alisema siku moja, "mimi nitajifunza hicho Kihispania."

Sista Chapchap alikuwa anapanga dawa. "Kaka, wewe unakaribia kustaafu."

"Ndiyo maana nina haraka."

"Simu tunayo."

"Simu hataki kuongea nayo."

"Atazoea. Wote huzoea." Kisha akamtazama, akaona uso ule mrefu umekunjamana, akacheka. "Haya, jifunze. Ukishindwa usije ukanililia hapa."

Asingemwambia neno la kumfaa kuliko hilo. Bendeji alikuwa na ubishi wa mbuzi aliyeona mboga. Alitafuta masomo ya Kihispania cha wahudumu wa afya, yale ya kusikiliza, akayatia katika simu ya mwanawe, akaanza. Alijifunza akipiga pasi. Alijifunza akipanda ngazi za kazini, pumzi moja neno moja. Alijiogesha kwa Kihispania, kichwa, shingo, kifua, tumbo, mpaka vidole vya miguu, na kama amesahau goti linaitwaje hakulipaka sabuni mpaka alikumbuke. Mkewe, Mama Pacha, alimsikia bafuni akiuliza kwa sauti ya upole kama kunauma, na kama maumivu yanapanda au yanashuka.

Akagonga mlango. "Baba Pacha! Huyo unayemwuliza humo ndani, siku akikujibu mimi nahama."

"Nasoma, mke wangu."

"Watu wa umri wako wanasoma wosia."

Hata hivyo ni yeye aliyemshikia saa jioni, akampa kisukari na kikohozi na kuharisha, Bendeji akavigeuza Kihispania kimoja kimoja, akikosea analipa kwa kuosha vyombo. Vyombo vya nyumba ile havijawahi kung'aa kama msimu ule.

Siku aliyojiona yuko tayari, alivuta kigoda karibu na kiti cha mwoka mikate, akainama hadi nyuso zao zikalingana, akasema polepole: "Buenos días, señor. ¿Cómo amaneció la familia?" Maana yake, shikamoo mzee, familia imeamkaje.

Mzee alikuwa ameangalia dirishani. Akageuka. Alimtazama Bendeji toka utosini hadi viatuni, safari ndefu, halafu akafungua mdomo. Kwanza alikohoa kama bomba lililokaa na hewa. Kisha maji yakaja. Aliongea sindano ya kwanza ikiingia, akaongea ya pili ikiingia, mashine ikaanza kuzunguka naye bado anaongea, huku Bibi akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio na kucheka papo hapo.

Bendeji alishika neno hapa na neno pale, kama mtu anayeokota maharage yaliyomwagika mchangani. Na wakati anaokota, alifanya jambo alilolelewa kulifanya. Aliitikia.

Watoto wa siku hizi mkubwa akisema wao wametumbukiza macho katika simu, kwa hiyo huenda hawajui kuitikia ni nini. Zamani mkubwa akizungumza, mdogo alipokea. Ee, mama. Naam. Ehe. Kweli kabisa. Kunyamaza wakati mkubwa anasema ilikuwa kumwambia anaongea na ukuta, na mama yake Bendeji alikuwa na kofi la kumkumbusha mtu kwamba yeye si ukuta. Wala kuitikia hakukuwa kukubali. Uliitikia hata maneno usiyoyakubali, hata usiyoyasikia vizuri. Ulikuwa unambebea mzungumzaji mzigo wake asichoke. Kila aliyelelewa alilijua hilo. Basi Bendeji akambebea mwoka mikate kwa lugha ya mwenyewe: "Sí, señor. Claro. Sí, sí." Ndiyo, mzee. Naam. Ndiyo, ndiyo.

Sista Chapchap alipita, akasimama, akasikiliza. "Kaka, huko umeoa nini?"

"Bado wananipangia."

Toka siku hiyo mzee alikuja akiwa na la kusema. Hakukubali kudungwa na mwingine. Simu ilihamishiwa kwenye droo. Wagonjwa wengine walimtania Bendeji kwamba akistaafu ataajiriwa ubalozini, naye alitembea kati ya viti na kifua mbele, mtu ambaye kwa umri ule ameshinda jambo. Hakuna aliyemwuliza anaelewa kiasi gani, na yeye mwenyewe hakujiuliza. Masomo yale yalikuwa yamemfundisha kuuliza, na aliuliza vizuri hasa, kwa matamshi safi, hivi kwamba aliyeulizwa alidhani anazungumza na mtu wa kwao. Majibu hayakuwa na somo.

Ikafika siku ambayo mwoka mikate alishusha sauti. Bibi alikuwa ameenda kutafuta maji ya moto. Mzee alitazama kulia, akatazama kushoto, akamvuta Bendeji kwa mkono wa shati. Akasema maneno mengi, ya haraka, ya chini. Alipapasa magoti, na magoti Bendeji aliyapata, si alikuwa ameyaosha kwa lugha ile. Akagusa mfuko wa shati. Akagusa tumbo. Akasema tena, akaona haya kidogo, akamaliza kwa kuinua nyusi kama mtu anayengoja jambo.

"Sí, señor," alisema Bendeji kwa upole. "Claro."

Mzee akashusha pumzi. Akaegemea kiti, akafumba macho, ametulia kabisa. Bendeji akamfunika miguu, akaiwekea mashine dawa ya kuzuia damu isigande, kama ilivyo kwa kila mgonjwa, akaenda kwa mwingine.

Kabla zamu yake iliyofuata haijafika, mwoka mikate aliletwa kwa gari la wagonjwa, uso umekuwa wa majivu, presha iko chini sakafuni. Alikuwa anavuja damu tumboni. Wakamwongezea chupa za damu, wakamtia kifaa chenye kamera kooni, wakakuta kidonda, wakakiziba. Asubuhi yote haikujulikana kama angepona. Binti yake alikuja akiwa bado amevaa kofia ya plastiki ya kazini, akakaa na mama yake, akasikiliza, akaja kusimama mbele ya Sista Chapchap na Bendeji kwenye ujia. Lugha ya hapa aliijua kwa lafudhi yake.

"Jirani alimpa baba dawa za maumivu, za magoti," alisema. "Tumbo likaanza kumwaka. Choo kikawa cheusi. Mimi hakuniambia, mama hakumwambia. Mama anasema leo ndiyo baba ametoboa siri, kwamba alimwambia nesi mrefu. Akamwuliza aendelee na zile dawa au aache. Nesi mrefu akamwambia ndiyo, endelea."

Bendeji alihisi ujia mzima unainama upande wake.

Sista alimwingiza ofisini, akafunga mlango. Hakupayuka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kaka, alikwambia?"

"Aliniambia."

"Ulimwelewa?"

"Magoti nilielewa."

"Na hayo mengine?"

Bendeji alitazama mikono yake. "Nilimwitikia."

"Ulimwitikia." Sista alikaa. "Mtu anakwambia ana choo cheusi, wewe unamwitikia, halafu unamwekea dawa ya kuzuia damu isigande."

"Mtu mzima alikuwa anazungumza, Sista. Ningemnyamazia?"

"Ungemwambia hujaelewa!"

Neno hilo lilikuwa jepesi kwa Sista. Bendeji hakuwahi hata mara moja kumwambia mtu mwenye mvi kwamba hakuelewa alichosema. Katika nyumba aliyokulia, hilo lilikuwa sawa na kumwambia hajui kuongea.

Hukumu ikawa kwamba kuanzia siku hiyo asiseme na mgonjwa Kihispania. Simu itoke drooni. Na hapa ndipo panapomuuma mtu anayeyalilia ya kale, maana lazima aseme ukweli: simu haina adabu, haimbebei mtu mzigo, na isipoelewa inasema waziwazi haikuelewa. Siku ile adabu ilitaka kuua.

Mtu mwingine angejikunja akangoja kustaafu. Bendeji alirudi nyumbani, akamweleza Mama Pacha yote, akadhani atafarijiwa.

"Sasa?" alisema Mama Pacha.

"Sasa nini?"

"Umejifunza nusu. Nusu ya pili unaiachia nani?"

Akaanza upya. Yale masomo ya maswali aliyafuta. Alitafuta redio za Kihispania, za kilimo, za mpira, za akina mama wanaogombana kuhusu wakwe, akasikiliza watu wasiojua kwamba anawasikiliza na wasiopunguza mwendo. Mwanzoni alikuwa kama aliyesimama chini ya maporomoko na kikombe. Hakuondoka.

Tena akamwendea Bibi. Mwoka mikate alikuwa bado wodini, na kila Bendeji alipochungulia mzee alikuwa amegeukia ukuta. Bibi alikaa nje kwenye benchi. Bendeji, ambaye alikatazwa kusema Kihispania na wagonjwa, aliona Bibi si mgonjwa. Akaketi kando yake saa ya chakula. Kwa maneno machache na vidole vingi akamwomba amsimulie jambo lolote, yeye atajaribu kumrudishia alichosikia.

Bibi alimtazama muda. Huyu ndiye aliyekaribia kumfanya mjane. Kisha akafungua mkoba, akatoa kisanduku kigumu cha miwani, akaanza kusimulia jinsi alivyoolewa. Bendeji akainamisha kichwa. "Sí..."

Pwaa! Kisanduku kikatua juu ya vifundo vya vidole vyake.

Akavuta mkono. Bibi akacheka, akaendelea. Bendeji akatikisa kichwa kidogo tu, kama mjusi. Pwaa! Wauguzi waliopita walisimama kutazama mtu mzima anachapwa kwenye benchi. Ikawa ndiyo sinema ya saa ya chakula, na mama mmoja mfagiaji wa wodi akaanza kuhesabu mapigo kwa sauti.

"Nesi, leo umekula ngapi?"

"Nimekula za kutosha, mama. Karibu."

Lakini shingo ilikuwa inafundishika. Alijifunza kukaa na maneno ya mtu bila kuyapokea kwa mdomo, jambo lililomchosha kuliko kubeba wagonjwa. Alijifunza kusema "No entendí", sikuelewa, na mara ya kwanza alipoyasema hayo kwa Bibi jasho lilimtoka. Bibi hakukasirika hata chembe. Alirudia polepole. Akarudia tena kwa mikono. Bendeji akamrudishia: ulimpenda kijana mwingine, baba yako akamtaka huyu wa mikate kwa sababu nyumba yake haitakosa chakula. Bibi akapiga makofi hadi mlinzi akaja kuangalia.

Mwoka mikate akapata nafuu, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Siku ya kuja kusafishwa damu kiti chake kikabaki kitupu. Iliyofuata pia. Sista akampigia binti.

"Hataki," binti alisema. "Anasema mkono wake hawapi tena watu wanaosema ndiyo kwa kila kitu. Nimemlilia. Mama amemlilia. Amefunga mlango wa chumba."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtu asiye na figo akikaa bila mashine hujaa maji na sumu, moyo ukachoka. Mzee alikuwa na siku za kuhesabika.

Sista Chapchap alimkuta Bendeji kwenye mizani. "Kaka, nitapeleka simu nyumbani kwake?"

"Atageukia ukuta."

"Na wewe?"

"Huenda na mimi. Lakini mimi nitabaki nimekaa."

Sista akashika mizani mwenyewe. "Nenda sasa hivi, zamu yako nitaishika. Lakini kaka, nakuomba kwa heshima zote. Ukifika huko usiitikie."

Walikaa ghorofa ya juu, katika jengo lisilo na lifti. Bibi alifungua, akamshika mkono akamwingiza. Mwoka mikate alikuwa kwenye kiti cha mbao kando ya kitanda, miguu imevimba inang'aa, anapumua kwa kuhesabu. Alimwona Bendeji akageuza uso.

Bendeji alikaa sakafuni, kwa kuwa kiti kingine hakikuwepo, na hata hapo macho yao yalikaribia kulingana. Akasema aliyoyapanga ngazi zote. Kwamba siku ile hakuelewa. Kwamba alisema ndiyo. Kwamba ilikuwa uongo, na anaomba radhi. Kisha akanyamaza. Kichwa chake kilitaka kusema zaidi, akakizuia.

Bibi akahangaika na pazia. Ndipo mzee akaanza kusema, ameangalia ukuta, haraka, kwa hasira, bila kumpunguzia mwendo. Bendeji hakusogeza shingo. Alisikiliza kwa uso wote, mpaka mzee akaishiwa pumzi na kugeuka kuona kama bado yupo.

"No entendí," alisema Bendeji. "Yote hapana. Nimesikia simu. Nimesikia watu. Rudia, tafadhali."

Mzee alikunja uso. Akarudia. Bendeji akamwomba tena. Mara hii mzee alitazama mikono yake akitafuta maneno mepesi, akayasema moja moja, kama anayempa mtoto vipande vya mkate. Na Bendeji, polepole, kwa Kihispania cha kukwama, akamrudishia.

"Unasema simu inapiga kelele. Inakuuliza choo, na chumba chote kinasikia. Mkeo yupo, wanawake wa watu wapo kwenye viti. Wewe ni mtu mzima. Unaona aibu. Ndiyo maana ulingoja mtu wa kumnong'oneza. Ukaninong'oneza mimi."

Mwoka mikate aligeuza kiti kizima.

Miezi yote ile, hakuna aliyejua. Walidhani ni kiburi, walidhani ni uzee, na Bendeji mwenyewe alidhani mzee anaichukia mashine kama yeye anavyoichukia. Mzee hakuwa na ugomvi na mashine. Alichokataa ni kuvuliwa nguo mbele ya watu.

Wakaongea hadi kivuli cha dirisha kikahama ukutani. Maneno ya dawa Bendeji alimpigia binti simu athibitishe, moja baada ya jingine, hakuacha hata moja kwa kukisia. Mwisho mzee akasimama, akajishika ukutani, akamwambia Bibi amletee viatu. Viatu havikuingia kwa uvimbe. Akashuka ngazi zile na kandambili, Bendeji mbele yake akishuka kinyumenyume, mikono ameinyoosha kama anayepokea kabati.

Sista Chapchap alipoelezwa ile habari ya sauti, alibaki ameshika kalamu hewani. "Aibu tu?" alisema. "Si tungemvalisha spika za masikioni, na pazia tukavuta?"

"Tungemvalisha," Bendeji alikubali.

Akaagiza mapazia siku hiyo hiyo, na spika za masikioni kwa kila atakayetumia ile simu. Tumpe haki yake. Bendeji alirudishiwa ruhusa ya kusema na mzee, kwa sharti kwamba kila jambo alirudishe kwa msemaji, na la dawa lipite kwa binti au kwa simu kabla mkono haujaguswa. Wauguzi vijana walianza kumwiga, wakairudisha kauli ya mgonjwa hata mgonjwa akiwa ni mwenyeji wa hapa hapa. Na ajabu ni kwamba kwa lugha ya nyumbani nako waligundua walikuwa wanaitikia mengi.

Daraja lilipokamilika kampuni ilimhamisha binti mahali pengine, mbali, na wazee wakafuata. Mara ya mwisho Bendeji kuwaona ilikuwa kwenye maegesho ya hospitali, adhuhuri, baada ya mzee kusafishwa damu kwa ajili ya safari. Gari lilikuwa limejaa masanduku hadi kwenye kioo cha nyuma. Bibi alimkumbatia Bendeji kiunoni, kwa kuwa hapo ndipo alipofika. Mwoka mikate alikaa kiti cha mbele, akashusha kioo, akamwambia kwamba anaogopa huko aendako. Bendeji akamrudishia maneno yake, akamwambia asimpe mkono mtu yeyote ambaye hajamrudishia alichosema. Mzee akasema atawaambia hivyo. Binti akawasha gari.

Ndipo mzee akasema jambo jingine, refu kidogo, akicheka.

"No entendí," alisema Bendeji.

Akarudia. Gari lilikuwa limeshaanza kusogea. Bendeji akatembea kando ya mlango, akiwa ameinama, akasikia neno moja katikati na mengine yakamponyoka. Alitikisa kichwa, hapana. Akaanza kukimbia, miguu ile mirefu ikimpita mwenyewe, akimwomba arudie. "¡No entendí, señor! ¡Repita!" Mzee akatoa kichwa chote dirishani, akalisema tena kwa sauti ya juu, na gari lilipokunja getini alikuwa bado analirudia.